Fundi wa Radio na Kazi Yake



Labda wewe pia umekwisha kupokea karatasi ile. Munganga alisikiliza kifua chako, akaandika mistari miwili, akasema, "Enda wakupige radio." Ukafuata baraza mpaka mulango wa mwisho, ule wenye alama ya manjano iliyo kama feni ya mabawa matatu. Ukaketi juu ya benchi pamoja na wengine, nao wakaanza kukueleza. Mumoja alisema mashini ile inakausha damu. Mwingine alisema mwanamuke akiingia mule hatazaa tena. Muzee mumoja alisema kinyume chao wote: yeye alipigwa radio mwaka uliopita, kifua chake kikapona siku ileile, na sasa amekuja kutafuta nyingine. Halafu mulango ukafunguliwa, na mutu mumoja akaita jina lako.

Ni juu ya mutu huyu ninataka kukuambia. Mimi ni mutunza-wagonjwa, si fundi wa radio. Lakini nimetumika karibu na mulango ule kwa miaka mingi, na siku moja niliingia na kufanya kazi isiyokuwa yangu. Nitakueleza habari hiyo, ingawa inanipa haya.

Kwanza jina lake. Hapa Kisangani neno radio lina maana mbili, na mutoto mumoja wa shule ya Siku ya Mungu aliniuliza kama fundi wa radio wa hospitali angeweza kutengeneza ile ya baba yake inayokohoakohoa wakati wa habari. Hapana, huyu ni fundi mwingine. Juu ya diploma yake wameandika kwa Kifaransa technicien en imagerie médicale, maana yake fundi wa picha za ugonjwa. Yeye si munganga wa kukuandikia dawa. Tena si mutu wa kubonyeza kifungo tu, kama wengi wanavyofikiri.

Na radio si dawa. Muzee yule wa benchi alipona kwa sababu ya vidonge alivyopewa baada ya picha kuonekana. Radio ni macho. Macho hayaponyeshi kidonda, yanakionyesha. Kwa hiyo usimulilie munganga akuandikie radio kama vile mutu anavyoomba sindano. Kama hakuna jambo la kutafuta ndani ya mwili wako, picha itakula feza zako bure.

Macho haya yalipatikana namna gani? Tarehe 8 Novemba 1895, katika muji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu mumoja wa chuo kikuu jina lake Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme ndani ya chupa iliyoondolewa hewa. Chumba kilikuwa na giza, na chupa aliifunika kwa karatasi nyeusi nzito. Lakini kibao kimoja chenye dawa, kilichokuwa mbali na chupa, kilianza kungaa. Kitu fulani kilipita katika karatasi nyeusi, naye hakukiona kwa macho. Aliweka mukono wake mbele, akaona kivuli cha mifupa yake mwenyewe. Mwezi wa Desemba alipiga picha ya mukono wa bibi yake. Mifupa ilionekana, na pete juu ya kidole. Kwa kuwa hakujua ni nuru ya namna gani aliiita X, kama vile watu wa hesabu wanavyoita hesabu isiyojulikana. Mwaka 1901 alipewa zawadi ya Nobel, na dunia nzima ilikuwa imekwisha kuanza kutumia miali yake.

Miali hii inapita katika mwili kama nuru ya taa inavyopita katika kitambaa. Penye hewa, kama ndani ya mapafu, inapita karibu yote, na picha inakuwa nyeusi. Nyama na maji vinaizuia kidogo, vinaonekana kama majivu. Mifupa inaizuia zaidi, ni meupe. Chuma kinaizuia kabisa. Basi munganga akiona weupe pahali ambapo panapaswa kuwa weusi, anajiuliza: ni maji? ni usaha? ni kifua kikuu? Picha inauliza, mara nyingi haijibu peke yake. Ndiyo maana hata baada ya radio ya kifua wanakuomba makohozi. Usichukizwe. Kivuli katika pafu kinaweza kuwa na sababu nyingi, na makohozi ndiyo yanayoonyesha kama mududu wa kifua kikuu yumo.

Wengi wanaogopa kwamba miali inabaki ndani ya mutu. Sikiliza vizuri. Nyumba zetu zinatumia umeme wa volti 220. Mashini ya radio inaupandisha mpaka volti elfu 50, elfu 100 na zaidi, na kwa nguvu hiyo inapiga kibao kidogo cha madini magumu. Katika nguvu ile yote, karibu sehemu 1 tu katika 100 inageuka kuwa miali. Nyingine inakuwa joto. Fundi akiondoa kidole, imekwisha, kama tochi iliyozimwa. Hakuna kitu kinachobaki chumbani wala katika damu yako. Mama anaweza kutoka na kumunyonyesha mutoto wake saa ileile.

Sasa tutazame fundi katika kazi yake, maana hapa ndipo masomo yake yanapoonekana.

Jioni umeme ukikatika, nawe mukaaji wa Kisangani unajua jioni hizo, chukua taa ya petroli na weka mukono wako mbele ya ukuta. Mukono ukiwa karibu na ukuta, kivuli ni sawa na mukono. Uulete karibu na taa, kivuli kinakuwa kama cha tembo. Radio ni kivuli kama hicho. Moyo wa mutu uko zaidi upande wa mbele wa kifua. Ndiyo sababu fundi anakusimamisha kifua chako kikigusa kibao, na mugongo kwa mashini, nayo mashini anaiweka mbali, karibu metre 1 na sentimetre 80. Angekugeuza vibaya, moyo wako ungeonekana mukubwa kuliko ulivyo, na munganga angekutafutia ugonjwa wa moyo ambao huna. Anakuambia usukume mabega mbele: anataka kuondoa mifupa ya mabega juu ya mapafu. Anakuambia, "Vuta pumuzi sana. Shika. Usipumue." Ni kwa sababu mapafu yaliyojaa hewa yanafunuka mpaka chini, na mutu anayetikisika anatoa picha yenye ukungu. Ukikohoa katikati, atapaswa kurudia, nawe utapokea miali mara ya pili. Basi, kama kikohozi kinakusumbua, mwambie mbele.

Na mufupa uliovunjika? Mutu ameanguka kutoka toleka ao moto, muguu umevimba. Fundi anapiga picha moja kutoka mbele, kisha nyingine kutoka ubavuni, na mugonjwa ananungunika kwamba wanamula feza mara mbili. Hapana. Vunja kijiti na ukitazame kutoka upande mumoja: kinaweza kuonekana kimenyooka. Kigeuze, utaona kimepinda. Wakubwa wa muji huu wanakumbuka Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana hapa siku sita, kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 10, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu. Chuma kidogo ndani ya nyama, kikipigwa picha ya upande mumoja, hakionyeshi kama kiko karibu na ngozi ao karibu na mufupa. Picha mbili ndizo zinazomwambia munganga pa kupitisha kisu. Na wewe uliyebaki na kipande cha bomu ao sasi mwilini tangu siku zile, mwambie fundi kila unapokwenda kwa picha, sana sana ukitumwa siku moja katika muji mukubwa penye mashini inayotumia sumaku, maana sumaku ile inaweza kuvuta chuma ndani yako.

Fundi atakuuliza jina lako lote, hata kama anakujua tangu utoto. Si kiburi. Katika Kisangani wako wakina mama wengi wenye jina moja, na picha ya mumoja ikiingia katika bahasha ya mwingine, wawili wote wamepotea.

Atakuomba kuondoa mukufu, pini, sutyen yenye chuma, na simu iliyo mufukoni. Wanawake wanakasirika zaidi kwa sababu ya nywele. Lakini misuko minene iliyoanguka juu ya mabega inaacha kivuli juu ya ncha za mapafu, na hapo ndipo kifua kikuu kinapenda kukaa. Nimeona munganga akitazama kwa muda murefu vivuli viwili vya namna hiyo, halafu akaita musichana na kumwambia afunge nywele zake juu ya kichwa. Picha ya pili ilikuwa safi. Kama umevaa hirizi, utaiondoa pia. Fundi hatakuhubiri, hiyo ni kazi ya wengine. Yeye anajua tu kwamba chuma kilichomo ndani yake kitafunika mufupa. Na wewe mama unayeona haya kuvua nguo, omba kitambaa cha kujifunika na omba ndugu yako asimame pamoja nawe mpaka umewekwa sawa. Fundi mwema hakatai jambo hilo.

Neno lingine ataliuliza kwa sauti ndogo: "Mama, uko na mimba? Siku zako za mwezi zilikuja wakati gani?" Usidanganye. Musichana asiyeolewa, usidanganye kwa sababu mama yako yuko mulangoni. Omba atoke kwanza. Mutoto aliye tumboni anakua upesi, na vitu vinavyokua upesi vinaumizwa na miali kuliko vingine. Kama una mimba, munganga anaweza kungojea, ao kutumia ekografi, ambayo inatumia sauti na si miali. Na ikiwa radio ni ya lazima kabisa, fundi atajua namna ya kufunga nuru yake juu ya pahali padogo tu. Lakini hawezi kulinda mutoto ambaye hakuambiwa habari zake.

Sasa habari yangu. Ilikuwa katika hospitali moja ambayo sitataja jina lake, zamani kidogo, wakati picha zilikuwa zinafuliwa kwa dawa katika chumba cha giza. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo yangu ya kutunza wagonjwa mwaka uleule. Fundi wa radio alikuwa amekwenda kumuzika baba yake. Wakaleta muvuvi mumoja, amebebwa katika mutumbwi, anapumua kwa shida kama samaki juu ya muchanga. Niliambiwa, "Piga wewe. Ni kubonyeza tu." Nami niliona sifa kidogo moyoni kwamba nimechaguliwa.

Nilibonyeza. Nikafua filimu, nikaitundika mbele ya taa. Upande mumoja wa kifua ulikuwa mweupe wote, umejaa maji, na maji yalikuwa yamesukuma moyo kutoka pahali pake. Kwa kuitazama ilivyotundikwa, ulikuwa upande wa kuume. Munganga akatayarisha sindano ndefu.

Filimu, ndugu yangu, ni kama kioo cha dirisha: unaweza kuitazama mbele na nyuma. Kwa hiyo fundi anaweka juu ya kibao herufi ndogo ya madini ya risasi, D kwa kuume ao G kwa kushoto, ili picha yenyewe iseme. Mimi sikuiweka. Hata sikujua kwamba kisanduku kidogo chenye herufi kilikuwa juu ya meza.

Munganga yule alikuwa mutu wa desturi za zamani. Mbele ya kuchoma, aliweka kidole juu ya kifua cha muvuvi na kukipiga kwa kidole kingine. Upande wa kuume ulilia kama ngoma. Upande wa kushoto ulilia kama ukuta. Akasimama. Akageuka kwangu, akauliza, "Alama iko wapi?" Sikuwa na jibu. Kama angeamini picha yangu, angetoboa pafu moja tu ambalo mutu yule alikuwa akipumua nalo.

Maji yalitoka upande wa kushoto, chupa mbili zilijaa. Makohozi yalionyesha kifua kikuu, akapewa dawa za miezi 6. Alipomaliza, alituletea samaki, na mimi pia nikapewa sehemu yangu. Nilimula samaki yule kwa shida.

Tangu siku ile, mutu akiniambia kwamba fundi wa radio anabonyeza tu, ninamueleza masomo yake. Anapaswa kumaliza miaka 6 ya shule ya sekondari na kupata diploma ya Serikali. Kisha anaingia shule kubwa ya uganga, kama ile ya Kinshasa, ISTM, iliyo na sehemu ya picha za ugonjwa. Zamani alijifunza miaka 3 na kuitwa gradué. Aliyetaka licence aliongeza miaka 2. Tangu 2021 shule kubwa za inchi yetu zimeingia katika utaratibu mupya unaoitwa LMD, na miaka 3 ya kwanza sasa ndiyo licence. Anajifunza mifupa yote 206 na majina yake. Anajifunza umeme na miali, magonjwa, namna ya kumulaza mutu aliyevunjika mugongo bila kumuumiza zaidi, na sasa kompyuta pia, kwa kuwa pahali pengi filimu na chumba cha giza vimeacha pahali pao kwa picha za kompyuta. Tena anatumika miezi mingi hospitalini chini ya macho ya fundi mukubwa mbele ya kuachwa peke yake. Kijana anayependa kazi hii asikimbie hesabu na fizika shuleni. Wengi wanakuja kwangu wakisema wanapenda kusaidia wagonjwa. Ninawauliza kwanza alama zao za fizika.

Jambo hili si geni katika inchi yetu ya muto. Pale Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, Daktari Clement Chesterman wa misioni ya Wabaptisti wa Uingereza alifika mwaka 1920, wakati ugonjwa wa usingizi ulikuwa unamaliza vijiji. Aliona kwamba huruma peke yake haitoshi. Alianza kufundisha vijana wa hapa kutumia mikroskopi, kupima dawa, na kuandika hesabu za wagonjwa, na hao ndio walioshika kazi katika vijiji vya mbali.

Fundi anajifunza pia kuogopa mashini yake kwa akili. Watu wa kwanza hawakuogopa. Clarence Dally, musaidizi wa Thomas Edison katika Marekani, alikuwa akijaribu miali juu ya mikono yake mwenyewe. Mikono ilipata vidonda visivyopona, ikakatwa, naye akafa mwaka 1904. Katika muji wa Hamburg, Ujerumani, walisimamisha jiwe la ukumbusho mwaka 1936 lenye majina 169 ya wanganga na watumishi waliokufa kwa kazi hii. Ni kwa damu yao tulijifunza. Ndiyo sababu utaona fundi anatoka na kusimama nyuma ya ukuta. Hakukimbii wewe. Wewe unapigwa picha moja, labda mbili. Yeye anapiga picha siku zote za kazi, mwaka kwa mwaka. Mutu akienda mbali mara mbili, miali inayomufikia inabaki robo tu. Kama ni lazima kushika mutoto asiyetulia, yule anayemushika, baba ao mama asiye na mimba, anavalishwa nguo nzito kama tabliye ya mupishi, yenye madini ya risasi. Juu ya kifua chake fundi anavaa kipimo kidogo kinachohesabu miali aliyopokea. Desturi ya mataifa ni kwamba asipite miliseverti 20 kwa mwaka, na inchi yetu pia ina sheria ya 2002 juu ya hatari za miali hii.

Na wewe unapokea kiasi gani? Kila mutu duniani anapokea miali kidogo kutoka udongo, mawe, na anga, karibu miliseverti 2 na nusu kwa mwaka, hata asiyefika hospitalini kamwe. Radio moja ya kifua ni karibu 0,1 ao chini yake, kama siku 10 hivi za kuishi tu. Mugongo wa chini unapata zaidi, kama miezi 6. Skana ya tumbo ni kubwa sana, inaweza kupita miaka 2 ao 3. Kwa hiyo usiogope radio iliyoandikwa na munganga kwa sababu nzuri, lakini ukatae mutu anayetaka kukupiga bila karatasi, bila kukuuliza jina wala mimba, kwa sababu tu ana mashini nyumbani na unayo feza.

Mwisho wa yote utamuuliza fundi, "Umeona nini?" Naye atasema, "Munganga atakuambia." Watu wengi wanatoka hapo wakilia, wakifikiri ameona kifo na anawaficha. Hafichi. Kusoma picha ni kazi ya munganga, na katika hospitali kubwa iko kazi ya munganga mwingine aliyejifunza hiyo tu, radiologue. Fundi anaweza kuona kwamba mufupa umevunjika, ndiyo. Lakini akikosea neno moja mbele yako, utakwenda nalo nyumbani na halitarudi. Akiona jambo la haraka, hatakaa kimya: ataichukua picha na kwenda mwenyewe kumutafuta munganga.

Picha ukipewa, usiikunje na usiizibe dirisha nayo, maana nimeyaona hayo yote mawili. Iweke katika bahasha yake, pakavu, mbali na paa linalovuja. Ukirudi kwa radio baada ya mwaka mumoja ao mitano, umupe fundi ile ya zamani kabla hajaanza. Ataitundika kando ya ile mupya, na munganga ataona kama kivuli kimekua, ao kimepungua, ao ni kovu la zamani tu.